Virusi ya flashi: kwa nini kusafisha kompyuta moja moja hakumalizi kazi

Kisangani, mwanafunzi aliyewahi kuandika TFC anaijua hali hii. Unaenda sekreteria ya Makiso kutoa kazi yako kwenye karatasi. Flashi inatoka mfukoni, kijana wa mashine anaichomeka, kurasa zinatoka, unalipa, unapanda toleka, unarudi nyumbani. Jioni, umeme ukiwepo, unaifungua flashi kwenye kompyuta nyingine na unakuta dosie zako zote hazipo. Kumebaki alama moja tu yenye jina la flashi yenyewe. "Yaya, virusi imekula kazi yangu!"

Mara nyingi haijaila. Imeificha tu. Na sherti tuanzie hapa, juu ya watu wengi wanapoteza kazi ya miaka mitatu si kwa sababu ya virusi, bali kwa sababu rafiki amewaambia "formate hiyo flashi, itakuwa safi". Itakuwa safi, ndiyo, na TFC itakuwa imeenda.

Virusi za namna hii zinafanya hivi. Zinachukua kila kitu kilichomo ndani ya flashi, zinakiweka katika dosie moja iliyofichwa, ambayo jina lake ni kama nafasi tupu isiyoonekana. Kisha zinaweka nje njia ya mkato yenye sura na jina la flashi. Wewe unabonyeza mara mbili ukidhani unafungua flashi, na kweli mafaili yako yanaonekana. Lakini kwa kubonyeza hivyo umeiamsha programu mbaya, imejinakili ndani ya kompyuta, na kuanzia dakika hiyo inangoja flashi ya mtu mwingine. Kompyuta ikiwa na antivirusi inayoifuta ile njia ya mkato bila kurudisha mafaili mahali pake, ndipo unaona flashi "tupu". Ukiangalia ukubwa wake utaona nafasi bado imejaa. Chomeka flashi hiyo kwenye kompyuta yenye Linux, au mwambie fundi aruhusu Windows kuonyesha mafaili yaliyofichwa, pamoja na yale ya mfumo. Kazi yako iko mule.

Inayojulikana sana katika ukoo huu inaitwa PlugX. Wengine wanaiita Sogu. PlugX yenyewe ni ya zamani, tangu 2008 hivi, na wataalamu wanaihusisha na makundi ya upelelezi ya China. Ile yenye uwezo wa kujisambaza kwa flashi ilitokea 2020. Mwaka 2023 kampuni ya Sophos iliikuta Ghana, Nigeria na Zimbabwe, na mbali zaidi huko Mongolia na Papua New Guinea. Mwaka huohuo watafiti wa Mandiant walieleza kwamba mashirika makubwa ya nje yaliambukizwa kupitia ofisi zao za Afrika, zikiwemo za Kenya na Tanzania. Walitaja pia mahali ambapo flashi zinakutana: saiberi na nyumba za kuprinti. Kwa maneno mengine, sekreteria.

Hapo mtu wa Makiso asijidhanie kwamba mpelelezi wa Asia anatafuta kazi yake juu ya mihogo ya Yangambi. Hamtafuti. Lakini programu haichagui: inakusanya hati za yeyote, na flashi ya mwanafunzi inachomekwa kwenye kompyuta ileile ambako jana palichomekwa flashi ya shirika la misaada, na leo asubuhi ya ofisi ya komini. Mwanafunzi ni njia tu, kama pirogi inayovusha mzigo wa mwingine mpaka Lubunga.

Sasa fikiria sekreteria yenye kompyuta 4. Fundi anakuja Jumatatu, anasafisha ya kwanza, anachomoa flashi yake ya dawa, anaichomeka kwenye ya pili. Flashi ya dawa nayo imekwisha kuambukizwa. Akimaliza ya nne, ya kwanza imepata tena, juu ya mteja ameingia na flashi yake fundi akiwa katikati ya kazi. Wiki inayofuata anaitwa tena na analipwa tena. Si lazima awe mwizi. Anafanya kazi ambayo mkono mmoja hauwezi kuimaliza, kama kuchota maji ya mtumbwi bila kuziba tundu.

Kwa hiyo katika ofisi zenye kompyuta nyingi, dunia nzima imeiachia mashine kazi hii. Wazo si jipya. Mwaka 1971, intaneti ikiwa bado mtoto, mhandisi Bob Thomas wa Marekani alitengeneza programu ya majaribio, Creeper, iliyokuwa inahama yenyewe kutoka kompyuta moja mpaka nyingine. Mwenzake Ray Tomlinson, yuleyule wa barua pepe, akatengeneza nyingine ya kuifuata na kuifuta, Reaper. Mfukuzaji alizaliwa karibu pamoja na mfukuzwa.

Mfumo wa leo unakuwa na kompyuta moja inayosimamia, na katika kila kompyuta ya ofisi kuna mlinzi mdogo anayetoa ripoti kwake. Mlinzi anatumia macho mawili. Jicho la kwanza ni la alama: ana orodha ya mafaili mabaya yanayojulikana, kama polisi wa bandari mwenye picha za watu wanaotafutwa. Ni la haraka, lakini halimwoni mwizi mpya. Jicho la pili linaangalia mwenendo. Halijui jina lako, ila linaona unavunja dirisha saa 8 ya usiku. Programu iliyoanzia kwenye flashi, ikajiandika ili iwake kila kompyuta ikiwashwa, kisha ikaanza kuzungumza na anwani ya ng'ambo kila baada ya muda, hiyo ina mwenendo mbaya hata kama sura yake ni nzuri.

Na PlugX sura yake ni nzuri kweli. Inasafiri na mafaili matatu. La kwanza ni programu halali ya kampuni inayojulikana, yenye sahihi ya kweli. La pili ni faili la msaada la kughushi, ambalo ile programu halali inalipakia bila kuuliza. La tatu ndilo mzigo wenyewe, umefungwa kwa msimbo. Ni kama mtu mwenye kitambulisho safi anayepita kizuizini na gunia, na mwizi amo ndani ya gunia. Jicho la kwanza likiangalia kitambulisho peke yake, linampitisha.

Mlinzi akigundua kitu, mambo yanaenda mbio: kompyuta inakatwa kutoka mtandao wa ofisi, programu inazimwa, faili linawekwa karantini. Halafu inakuja hatua ambayo fundi wetu wa Jumatatu hawezi kabisa: ile kompyuta inayosimamia inaziuliza nyingine zote kwa wakati mmoja, "nani mwingine ana faili hili?", na zile zilizo nalo zinasafishwa pamoja. Tundu na maji vinashughulikiwa kwa mara moja.

Kwa nini haraka hivyo? Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu ya NotPetya ilitoka Ukraine na kuingia katika kampuni ya meli ya Maersk. Ilikuwa inajisambaza yenyewe kutoka kompyuta mpaka kompyuta bila mtu kubonyeza kitu. Wafanyakazi walikuwa wanaona skrini zinazimika mstari mzima, moja baada ya nyingine. Mwenyekiti wa kampuni alisema baadaye kwamba iliwabidi waweke upya kompyuta 45,000 na seva 4,000, ndani ya siku 10. Mwendo ule, ukingoja fundi apande toleka, hakuna cha kuokoa.

Basi tuiachie mashine kila kitu? Hapana, na historia ya PlugX inaonyesha vizuri kwa nini.

Mwezi wa 9 mwaka 2023, kampuni ya Ufaransa Sekoia iligundua kwamba anwani ya intaneti ambayo virusi hii ya flashi inaipigia simu ilikuwa imeachwa na wenyewe. Wakaichukua kwa dola 7 tu. Kuanzia hapo, kompyuta zote zilizoambukizwa zikawa zinawapigia wao. Kila siku anwani kati ya 90,000 na 100,000 zilikuwa zinabisha hodi. Katika miezi 6 walihesabu karibu milioni 2.5, kutoka nchi zaidi ya 170. Wale waliotengeneza virusi walikuwa wameiacha, lakini yenyewe iliendelea kutembea mfukoni mwa watu.

Sekoia wakaona jambo lingine. Ndani ya virusi mlikuwa na amri ya kujifuta. Wangeweza kuituma kwa kila anayebisha hodi na kusafisha kompyuta za dunia nzima bila kugusa hata moja kwa mkono. Hawakuituma. Kompyuta si zao. Kuingia katika mashine ya mtu bila ruhusa ni kosa hata kama umeleta sabuni. Kwetu pia, Kodi ya Numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu kuingia katika mfumo wa kompyuta bila haki. Tena kulikuwa na shida ya flashi. Ukitaka kusafisha flashi iliyochomekwa, sherti urudishe mafaili ya mwenyewe mahali pake, na ukikosea unaweza kumwangamizia hati zake kutoka mbali, naye hata hajui kama ulikuja. Kwa hiyo waliziachia serikali za nchi ziamue, kila moja kwa ajili ya kompyuta zilizo kwake. Mimi naona walifanya vema, ingawa kungoja serikali ni kungoja.

Ufaransa ilianza tarehe 18 Julai 2024, siku chache kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Paris. Mwendesha mashtaka wa Paris alisema nchini mwao kulikuwa na kompyuta 3,000 hivi. Marekani, kwa ruhusa ya mahakama, ilisafisha 4,258 na kutangaza Januari 2025. Lakini amri ya kujifuta inaifikia tu kompyuta iliyowashwa na yenye intaneti. Kompyuta isiyo na mega haibishi hodi kwa mtu. Flashi iliyo katika droo haisikii kitu. Hizo zitaendelea kuibeba PlugX miaka mingi, na Kisangani hatukosi kompyuta zisizo na mega.

Siku iliyofuata kuanza kwa kazi ya Ufaransa, tarehe 19 Julai 2024, ulimwengu uliona upande wa pili. Kampuni ya CrowdStrike, ambayo kazi yake ni hiyohiyo ya kukamata programu mbaya yenyewe bila kungoja mtu, ilituma sasisho lenye kasoro kwa walinzi wake. Kompyuta za Windows karibu milioni 8.5 zilianguka, skrini ya buluu. Ndege hazikuruka, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Hakuna mwizi aliyeingia. Mlinzi ndiye aliyeanguka juu ya mlango.

Na haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 21 Aprili 2010 antivirusi ya McAfee iliamka ikiamini kwamba svchost.exe, faili ambalo Windows haiwezi kuishi bila hilo, ni virusi. Ikaliondoa. Kompyuta za Windows XP zikaanza kujizima na kujiwasha bila mwisho, katika mashule, hospitali na ofisi za polisi. Mwaka 2003 nako mtu fulani alitoa programu "nzuri", Welchia, iliyokuwa inaingia katika kompyuta za watu bila kuomba ili kufuta virusi ya Blaster na kuziba tundu lake. Ilijaza mitandao kiasi cha kuifungia. Daktari aliyeziba barabara kwa kukimbilia wagonjwa.

Ndiyo maana ofisi zenye busara hazitumi sasisho kwa kompyuta zote siku moja. Wanaanza na mbili au tatu zisizo za lazima, wanangoja, kisha nyingine. Na wanatofautisha: kukata kompyuta kutoka mtandao na kuweka faili karantini, mashine ifanye yenyewe, kwa sababu mambo hayo yanaweza kurudishwa. Kufuta hati ya mtu, mashine isifanye bila mtu kuangalia.

Turudi kwetu, ambako ushauri wa vitabu vya Ulaya unagonga ukuta haraka. Mifumo hii inadhani umeme upo na intaneti ni ya bei rahisi. Hapa SNEL ikikata, kompyuta zinalala siku mbili na orodha ya alama inazeeka. Umeme unarudi, kompyuta zote 10 za ofisi zinaamka pamoja, kila moja inaanza kuvuta masasisho yake, na forfe ya mwezi inaisha kabla ya saa sita. Siku inayofuata mkuu wa ofisi anasema: "Zimeni hayo masasisho, yanakula mega." Ukiwa mkuu wa ofisi utasema vilevile. Lakini mlinzi mwenye picha za mwaka jana hamjui mwizi wa mwaka huu.

Dawa ipo na haina bei. Windows 10 na 11 zina chaguo, ndani ya mipangilio ya masasisho, la kuruhusu kompyuta za mtandao mmoja zigawane zilichopakua. Ya kwanza inavuta kutoka intaneti, nyingine zinachukua sehemu kubwa kwa jirani, kwa waya au wifi ya ndani, bila kula mega. Ofisi kubwa zaidi inaweza kuteua kompyuta moja iwe ghala: inapakua usiku grupu au sola ikiwepo, asubuhi inagawa. Na antivirusi iliyomo ndani ya Windows yenyewe inatosha kwa sekreteria nyingi, mradi haikuzimwa. Mara nyingi imezimwa, kwa sababu Windows iliwekwa kwa programu ya kuvunja leseni, na kitu cha kwanza programu hiyo inachoomba ni "zima antivirusi". Anayeomba mlinzi aondoke kabla hajaingia, unamjua. Tujue pia kwamba Windows 10 haipati tena marekebisho ya kawaida ya usalama tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za hapa ni za okazyo, hazikubali Windows 11.

Lakini kwa maoni yangu tundu kubwa la mtumbwi wetu ni flashi, si intaneti, na hapo ndipo pesa kidogo inafanya kazi kubwa. Mwaka 2011 Microsoft iliziba mlango mmoja mkubwa: ilisambaza sasisho la kuzuia programu za flashi kujiwasha zenyewe ukichomeka tu, mlango ambao Conficker ilikuwa inautumia tangu 2008. Ndiyo sababu virusi za leo zinahitaji ubonyeze ile njia ya mkato. Kidole chako kimekuwa ufunguo.

Basi weka kompyuta ya mlangoni. Iwe kuukuu, iwe na Linux, isiunganishwe na nyingine. Flashi ya mteja ianzie hapo. Virusi ya Windows haiwezi kuamka ndani ya Linux, mafaili yaliyofichwa yanaonekana, na programu ya bure ClamAV inayapitia. Kijana wa mashine anachukua hati inayotakiwa kuprintiwa, hiyo tu, anaipeleka kwenye mashine ya kuprinti kwa flashi ya nyumba isiyotoka nje. Huko Luxembourg timu ya usalama ya CIRCL ilitengeneza kitu cha namna hiyo kinachojiendesha chenyewe, CIRCLean: unachomeka flashi chafu upande mmoja wa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, safi upande wa pili, nacho kinanakili hati kikizigeuza kuwa namna isiyobeba hatari. Hakihitaji intaneti, na umeme kinaochukua ni kama wa kuchaji simu. Chuo, maktaba au sekreteria tano zikichangiana zinaweza kuwa nacho.

Mteja atalalamika kwamba inachelewesha, hasa wiki ya depo ya TFC, foleni ikifika barabarani. Dakika mbili kila flashi. Ni kweli, inachelewesha.

Kubaki jambo la nakala, na hapa Maersk ina hadithi ambayo Boyomais yeyote ataipenda. Kampuni ilikuwa na seva karibu 150 duniani zenye kutunza ramani ya mtandao wake wote, nani ni nani na ana ruhusa gani. Zilikuwa zinanakiliana zenyewe, kwa hiyo walidhani hakuna hatari. Moja ikianguka, 149 zipo. NotPetya ilizifuta zote kwa pamoja. Zote isipokuwa moja, ya ofisi ya Ghana. Huko umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, seva ilikuwa imezimwa, na virusi haikuikuta. Intaneti ya Ghana ilikuwa ya polepole mno kutuma data ile, na mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya Uingereza, basi akaipeleka diski kwa ndege mpaka Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanjani, naye akaifikisha London. Kampuni yenye meli mamia ilifufuliwa na delestaji.

Kwa ofisi ya Makiso hatuna haja ya kungoja SNEL itusaidie hivyo. Nakala inayokaa imechomekwa saa zote kwenye kompyuta si nakala, virusi itaikuta pale. Diski ya nje inayokaa imezimwa Mangobo au Kabondo, nyumbani kwa mtu mmoja anayejulikana, inaletwa Ijumaa, inachomekwa baada ya kompyuta kukaguliwa, inanakili, inachomolewa, inarudi. Ziwe mbili, zinazopokezana Ijumaa kwa Ijumaa, ili iliyochafuka wiki hii isiwe ndiyo pekee mliyo nayo. Na mara moja kwa mwezi mtu afungue faili moja kutoka humo, alione linafunguka.